Hewa ya ukaa ileile, sayari nne: kwa nini Zuhura inaunguza na Mirihi inaganda

Uliza darasani au uliza barazani, jibu huwa lilelile: sayari yenye joto kali kuliko zote ni Utaridi, kwa sababu ndiyo iliyo karibu zaidi na Jua. Jibu hilo lina mantiki yake, na ndiyo maana linadumu. Lakini si sahihi. Sayari yenye joto kali kuliko zote ni Zuhura, ambayo umbali wake kutoka Jua unakaribia kuwa mara mbili ya ule wa Utaridi. Kosa hili lina ndugu zake pia. Wapo wanaoamini kwamba Mirihi ni nyekundu kwa sababu inawaka moto, na wapo wanaosema Dunia ina uhai kwa sababu tu imewekwa umbali unaofaa, basi, hakuna zaidi.

Umbali una kazi yake, lakini peke yake hauelezi mambo haya. Njia nzuri zaidi ya kuzielewa sayari hizi ni kufuata kitu kimoja tu na kuuliza kimekwenda wapi katika kila moja. Kitu hicho ni hewa ya ukaa, gesi tunayoitoa tukipumua, inayotoka kwenye kuni zinazoungua na kwenye bomba la gari. Ukijua imekaa wapi kwenye kila sayari, umeshaelewa sehemu kubwa ya tofauti zao. Sehemu iliyobaki ni ukubwa wa sayari yenyewe.

Kwanza tuwekane sawa kwenye maneno. Sayari ya mawe ni ile ambayo ungeweza kusimama juu yake: ina ganda gumu la miamba, chini ya ganda kuna tabaka nene la mawe yenye joto kali, na katikati kabisa kuna kiini cha chuma. Katika mfumo wetu wa Jua ziko nne tu, na zote ziko upande wa ndani. Ukianzia kwenye Jua kuna Utaridi (vitabu vingi vya shule huiita Zebaki), ikiwa umbali wa wastani wa kilomita milioni 58. Kisha Zuhura, milioni 108. Kisha Dunia yetu, milioni 150. Na mwisho Mirihi, milioni 228. Zilizo nje zaidi, yaani Mshtarii, Zohali, Uranusi na Neptuni, ni majitu ya gesi na barafu yasiyo na ardhi ya kukanyaga. Neno la pili ni angahewa, yaani hewa yote iliyoizunguka sayari na kushikiliwa na mvutano wake.

Sayari hizi zilizaliwa pamoja, miaka ipatayo bilioni 4.5 iliyopita, kutokana na vumbi na gesi lililokuwa likilizunguka Jua changa. Karibu na Jua palikuwa na joto mno, barafu haikuweza kuganda, kwa hiyo kilichobaki kujenga sayari ni vitu vinavyostahimili joto: mawe na madini. Sayari zilipokuwa bado moto wa kuyeyuka, chuma kilizama katikati kwa sababu ya uzito wake, na mawe mepesi yakaelea juu. Ndivyo kiini kilivyopatikana. Hakuna binadamu aliyewahi kufika kwenye kiini cha Dunia, lakini mtu wa Songwe anaweza kwenda wilayani Mbozi akagusa kwa mkono kitu cha jamii hiyohiyo. Kimondo cha Mbozi, kinachokadiriwa kuwa na tani zipatazo 16, ni chuma kwa asilimia 90 hivi, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni nikeli. Vimondo vya namna hiyo ni vipande vya viini vya miili midogo iliyowahi kuyeyuka, ikatenganisha chuma na mawe, kisha ikavunjwa na migongano. Ni hazina kubwa, na nasikitika kwamba wengi wetu tunaijua kama kivutio cha kupigia picha tu.

Sasa ukubwa. Chai ya kikombe hupoa mapema kuliko chai ya sufuria hata kama zimeipuliwa pamoja. Sayari nazo ni hivyohivyo: iliyo ndogo hupoteza joto lake la ndani haraka, na joto hilo ndilo linaloendesha volkano, linalosukuma ganda, na linalosaidia kiini kutengeneza ugasumaku, yaani nguvu ya sumaku inayoizunguka sayari. Sayari ndogo pia ina mvutano dhaifu, na mvutano dhaifu hauwezi kuishikilia hewa kwa mamilioni na mabilioni ya miaka. Kwa hiyo ukubwa unaamua mambo mawili kwa mpigo: kama sayari itabaki hai ndani yake, na kama itabaki na hewa juu yake.

Utaridi inaonyesha hilo waziwazi. Kipenyo chake ni kilomita 4,879, mara 1.4 tu ya kipenyo cha Mwezi wetu. Hewa yake ni kama haipo; kilichopo ni chembe chache zilizotawanyika, ambazo huchopolewa kutoka kwenye udongo na miale ya Jua na kutorokea angani. Hewa ya ukaa ya kushika joto haipo. Ndiyo maana mchana wake hufika nyuzi joto 430, lakini usiku, joto lote likiwa limepotea bila kizuizi, hushuka hadi nyuzi 180 chini ya sifuri. Ni sayari inayopokea mwanga wa Jua karibu mara 7 ya ule tunaoupata sisi, lakini haina cha kuuhifadhi.

Na usiku wake ni mrefu. Utaridi hulizunguka Jua kwa siku 88 za Dunia, lakini hujizungusha polepole mno, hivi kwamba kutoka macheo hadi macheo yanayofuata hupita siku 176. Yaani siku moja ya huko ni sawa na miaka miwili ya hukohuko. Chombo cha Marekani kiitwacho MESSENGER, kilichoizunguka Utaridi kuanzia 2011 hadi 2015, kilithibitisha jambo ambalo rada za hapa Duniani zilikuwa zimelidokeza: ndani ya mashimo ya ncha zake, mahali ambapo miale ya Jua haifiki kamwe, kuna barafu ya maji. Barafu kwenye sayari iliyo jirani na Jua! Hili peke yake latosha kumwonyesha mtu kwamba umbali si kila kitu.

Jambo jingine la Utaridi ambalo halisemwi sana ni kiini chake. Kinachukua asilimia 85 hivi ya nusu kipenyo cha sayari, kana kwamba ni chuma kilichovikwa ganda la mawe. Kwa sababu hiyo, ingawa Mirihi ni pana zaidi, mvutano kwenye nyuso za sayari hizo mbili ni karibu sawa kabisa: mtu ambaye mizani humsoma kilo 70 hapa, huko kote kuwili ingemsoma kilo 26 hivi. Kiini hicho kinapopoa husinyaa, na sayari nzima husinyaa nacho. Uso wa Utaridi umejaa majabali marefu yaliyotokea ganda lilipojikunja, na vipimo vinaonyesha kwamba nusu kipenyo chake kimepungua kwa hadi kilomita 7 tangu ganda hilo lilipoganda.

Tuje Zuhura, ambayo ndiyo kiini cha makala haya.

Kwa umbo, Zuhura ni pacha wa Dunia. Kipenyo chake ni kilomita 12,104, chetu ni 12,742. Mvutano wake ni asilimia 90 hivi ya wetu. Ukiitazama jioni upande wa magharibi au alfajiri upande wa mashariki, ni nzuri kuliko nyota zote, na mabaharia wa pwani yetu waliijua vizazi na vizazi. Uzuri huo unatokana na mawingu mazito yanayoifunika pande zote na kurudisha angani takriban robo tatu ya mwanga wa Jua. Hapo ndipo penye fumbo ambalo ningependa kila mwalimu wa sayansi aliweke ubaoni: kwa sababu ya mawingu hayo, Zuhura hufyonza mwanga wa Jua kidogo kuliko Dunia, ingawa iko karibu zaidi na Jua. Kama ni mwanga tu unaohesabika, ilipaswa kuwa na baridi kuliko kwetu. Badala yake joto lake ni nyuzi 465, mchana na usiku, kwenye mstari wake wa kati na kwenye ncha zake. Madini ya risasi huyeyuka kwa nyuzi 327.

Sababu ni hewa. Angahewa ya Zuhura ni hewa ya ukaa kwa asilimia 96, na ni nzito kiasi kwamba mgandamizo wake ardhini ni mara 92 ya wetu, sawa na kuzama baharini mita 900 hivi. Gesi hii huruhusu mwanga unaoonekana kupita. Mwanga kidogo unaopenya mawingu huifikia ardhi na kuipasha. Ardhi iliyopata joto hulitoa tena, lakini sasa kama miale ya joto isiyoonekana kwa macho, na hiyo hewa ya ukaa haiiachi ipite. Huinasa na kuirudisha sehemu yake chini. Joto linaendelea kujilimbikiza mpaka ardhi iwe moto vya kutosha kusukuma nje kiasi kilekile kinachoingia. Kwenye Zuhura, usawa huo unafikiwa kwenye nyuzi 465. Usiku wake huchukua karibu miezi miwili ya Dunia, na bado hapapoi.

Warusi wa enzi za Kisovieti ndio waliolijua hili kwa gharama. Vyombo vyao kadhaa viliharibiwa kabla ya kufika chini. Tarehe 15 Desemba 1970, Venera 7 ikawa chombo cha kwanza kutua kwenye sayari nyingine na kutuma taarifa kutoka huko, kwa dakika 23 hivi. Mwaka 1982 Venera 13 ilituma picha za rangi za mawe bapa chini ya anga la rangi ya machungwa, ikadumu dakika 127. Kabla ya safari hizo, watu wenye elimu zao waliwahi kufikiri kwamba chini ya yale mawingu huenda kuna misitu na mabwawa. Mawingu yenyewe yalikuja kujulikana kuwa ni ya asidi ya salfuriki.

Je, Zuhura ilipata wapi hewa ya ukaa nyingi kiasi hicho kuliko sisi? Hapa ndipo watu hushangaa: haikupata nyingi kuliko sisi. Dunia nayo inayo, na kwa kadiri wanajiolojia walivyokadiria, kiasi chake chote kinakaribia kile cha Zuhura. Tofauti ni mahali ilipo. Ya Zuhura iko angani. Ya kwetu imo ndani ya mawe.

Watu wa mwambao hatuna haja ya kwenda mbali kuiona. Kuta za Mji Mkongwe wa Unguja, nyumba za Lamu, magofu ya Gede na Kilwa Kisiwani vimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kemikali ya mawe hayo ni kalisiamu kabonati, na katika kila kilo 100 za kemikali hiyo safi, kilo 44 ni hewa ya ukaa iliyofungwa. Anayechoma matumbawe kwenye tanuri apate chokaa anaifungua. Inatoka na kupotea hewani bila kuonekana, ndiyo maana chokaa inayobaki ni nyepesi kuliko mawe yaliyoingia. Viwanda vya saruji hufanya vivyo hivyo kwa wingi mkubwa zaidi.

Iliingiaje kwenye jiwe? Kwa maji. Mvua inaponyesha huyeyusha hewa ya ukaa kidogo na kuwa asidi dhaifu. Asidi hiyo hula mawe ya milimani taratibu, mito huyabeba madini yaliyolika hadi baharini, na huko matumbawe, chaza na viumbe vingine vidogo huyatumia kujengea makombe na mifupa yao. Wanapokufa, mabaki hurundikana na kuwa mwamba. Kwa mamilioni ya miaka, mvua na bahari zimekuwa zikiitoa hewa ya ukaa angani na kuilaza chini.

Lakini kama ingekuwa inashuka tu bila kurudi, tungeganda. Dunia ina njia ya kuirudisha: ganda lake limegawanyika katika mabamba yanayosogea, baadhi yakizama chini na kuyabeba mawe hayo kwenye joto kali, na volkano kuitoa tena gesi. Afrika Mashariki inakaa juu ya mojawapo ya milango hiyo. Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, ndiyo volkano hai pekee duniani inayojulikana kumwaga lava ya kabonati. Na watu wa Goma, Congo, chini ya Nyiragongo, wanaijua gesi hii kwa sura yake ya kutisha zaidi: mazuku, hewa ya ukaa inayofuka kutoka ardhini na kujikusanya mabondeni kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Haina rangi wala harufu ya kumshtua mtu, na imewaua watu na mifugo. Mzunguko huohuo unaoua bondeni ndio uliosaidia kuiweka Dunia katika joto la wastani wa nyuzi 15. Bila gesi zinazonasa joto angani, wastani huo ungekuwa nyuzi 18 chini ya sifuri.

Sasa rudi Zuhura uondoe maji. Kwa kuwa iko karibu na Jua, maji yoyote iliyokuwa nayo yalielekea kuwa mvuke. Mvuke nao hunasa joto, na joto likizidi, mvuke unazidi. Ukifika juu angani, miale mikali ya Jua huyavunja maji kuwa hidrojeni na oksijeni. Hidrojeni, kwa wepesi wake, hutoroka. Alama ya tukio hilo bado ipo. Kuna hidrojeni nzito iitwayo deuteri, ambayo haitoroki kirahisi, na kwenye Zuhura uwiano wake na hidrojeni ya kawaida ni zaidi ya mara 100 ya ule wa Dunia. Maji yalikuwepo, yakapotea. Bila mvua hakuna cha kuisafisha hewa ya ukaa na kuifunga kwenye mawe, na kila volkano iliyofuata ilizidi kuijaza. Volkano hizo hazijaisha: mwaka 2023 watafiti waliolinganisha picha za rada zilizopigwa na chombo cha Magellan mwaka 1991 waligundua tundu la volkano lililobadilika umbo ndani ya miezi michache.

Hapo huja swali: je, Dunia itakuwa Zuhura kwa sababu ya moshi wetu? Hesabu zilizopo zinaonyesha kwamba hata tukichoma makaa na mafuta yote, ni vigumu mno kufikia hali ile. Lakini anayelitumia jibu hilo kujituliza ananikosesha raha. Kabla ya viwanda, kati ya chembe milioni moja za hewa kavu, 280 zilikuwa za hewa ya ukaa. Sasa zimepita 420, na wastani wa joto umeshapanda kwa zaidi ya nyuzi moja. Fizikia inayofanya kazi hapa ndiyo ileile ya Zuhura, kwa kiasi kidogo. Mahindi hayahitaji nyuzi 465 ili yakauke shambani.

Mirihi imekwenda njia ya kinyume. Wekundu wake ni kutu: udongo wake una chuma kilichoungana na oksijeni. Hauna uhusiano na moto. Wastani wa joto ni karibu nyuzi 60 chini ya sifuri. Na hapa kuna mtego kwa aliyesoma haraka: hewa ya Mirihi nayo ni hewa ya ukaa kwa asilimia 95, karibu sawa na Zuhura. Mbona basi haijapata joto? Kwa sababu asilimia hueleza mchanganyiko, haielezi wingi. Mgandamizo wa hewa ya Mirihi haufiki hata asilimia 1 ya wetu. Aliyewahi kupanda Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, anajua kifua kinavyobana. Kule juu mgandamizo bado ni nusu hivi ya ule wa pwani. Hewa ya Mirihi ni nyembamba kiasi kwamba majira ya baridi yakifika, robo yake hivi huganda na kuangukia nchani kama theluji, kisha hurudi angani joto linapopanda.

Zamani haikuwa hivyo. Chombo cha Curiosity, kilichotua Agosti 2012, kilikuta kokoto zilizoviringwa na maji ya mto na matope ya ziwa la kale. Perseverance, iliyotua tarehe 18 Februari 2021, ilipelekwa kwenye shimo la Jezero kwa sababu lina delta, pale mto ulipokuwa ukiingia ziwani. Mito na maziwa hayawezi kuwepo kwenye hewa ya sasa, ambamo maji yangechemka au kuganda upesi. Kwa hiyo hewa ilikuwa nzito zaidi, na imepotea.

Wengi husimulia kwamba kiini cha Mirihi kiliganda, ugasumaku ukazimika, na upepo wa Jua, yaani mkondo wa chembe zinazotoka Juani bila kukoma, ukaipeperusha hewa. Simulizi hiyo ina ukweli lakini inahitaji kurekebishwa mara mbili. Kwanza, chombo cha InSight, kilichopima mitetemeko ya Mirihi kuanzia 2018 hadi 2022, kilionyesha kwamba kiini chake bado kina chuma cha kimiminika. Kilichokoma ni ule mzunguko wa nguvu wa chuma hicho, ambao ndio uliokuwa ukitengeneza ugasumaku, na ulikoma miaka ipatayo bilioni 4 iliyopita. Pili, Zuhura haina ugasumaku wake wa ndani, na bado ina angahewa nzito kuliko sayari zote za mawe. Kinga ya sumaku peke yake haitoshi kuwa maelezo. Mirihi, yenye kipenyo cha kilomita 6,779 na mvutano wa asilimia 38 ya wetu, ilikuwa nyepesi mno kuishika hewa yake, na volkano zake zilipopungua nguvu hazikuweza kuirudishia ilichopoteza. Chombo cha MAVEN, kilichofika huko 2014, kimepima gesi zikitoroka kutoka juu ya angahewa yake.

Udogo huohuo ndio umeifanya iwe na mlima mkubwa ajabu. Ganda la Mirihi halina mabamba yanayosogea kama ya kwetu, kwa hiyo volkano ilibaki juu ya chimbuko lake ikirundika lava mahali pamoja kwa muda mrefu mno. Olympus Mons ina urefu wa kilomita 22 hivi, zaidi ya Kilimanjaro tatu na nusu.

Kwa wanaosikia habari za kuhamia Mirihi: hujizungusha mara moja kwa saa 24 na dakika 37, na mhimili wake umeinama karibu kama wetu, kwa hiyo ina majira. Kufanana kunaishia hapo. Hakuna hewa ya kuvuta, hakuna kinga ya kutosha dhidi ya mionzi, na udongo wake una chumvi zenye sumu. Nawaheshimu sana wanaopanga kupeleka watu kuchunguza, ila kuizungumzia kama hifadhi ya wanadamu Dunia ikiharibika ni kuwapotosha watoto wetu. Hata jangwa kavu kuliko yote hapa ni bustani kwa kulinganisha.

Mirihi pia ndiyo inayobeba uvumi mwingi kwenye simu zetu. Upo ujumbe unaorudi kila Agosti ukisema itaonekana kubwa kama Mwezi mpevu. Ulizaliwa mwaka 2003, Mirihi ilipotukaribia kwa kilomita milioni 55.8, na hata siku hiyo upana wake machoni ulikuwa kama sehemu moja tu ya 75 ya Mwezi. Upo mwingine unaosema Mirihi imebadili mwendo na sasa Jua linachomoza magharibi huko, ukiunganishwa na dalili za Kiyama. Wanaousambaza wengi wanafanya hivyo kwa nia njema ya kukumbushana, na jambo la imani lina heshima yake, lakini habari yenyewe kuhusu Mirihi si ya kweli. Kila baada ya miezi 26 hivi, Dunia, ambayo huenda kwa kasi zaidi, huipita Mirihi katika mzunguko, na kwa majuma kadhaa Mirihi huonekana kana kwamba inarudi nyuma mbele ya nyota. Haijageuka kujizungusha kwake hata kidogo. Sayari ya mawe ambayo kweli Jua lake huchomoza magharibi ni Zuhura. Hujizungusha kinyume, polepole, mara moja kwa siku 243, na imekuwa hivyo tangu kabla ya sisi kuwepo.

Na ukiona kitu king'aacho sana saa sita ya usiku, kikiwa juu kabisa ya kichwa, usiseme ni Zuhura. Zuhura na Utaridi ziko ndani ya njia ya Dunia, kwa hiyo haziachani na Jua mbali: huonekana baada ya machweo au kabla ya macheo tu. Cha usiku wa manane mara nyingi huwa Mshtarii.

Mengi bado yanatafutwa. BepiColombo, chombo cha Ulaya na Japani kilichorushwa Oktoba 2018, kimepangiwa kuanza kuizunguka Utaridi Novemba 2026, na mojawapo ya kazi zake ni kueleza kile kiini kikubwa kupita kiasi. Kwa Zuhura, NASA, shirika la anga la Marekani, ilichagua safari mbili mwaka 2021, VERITAS ya kuchora ramani za rada na DAVINCI ya kushuka ndani ya angahewa ikionja gesi hatua kwa hatua hadi chini, na Ulaya ikaongeza ya kwake, EnVision. Wanachotaka kukijua ni kama maji ya Zuhura yaliwahi kutulia yakawa bahari, au yalibaki mvuke tangu mwanzo bila mvua kunyesha hata mara moja. Wanasayansi wamegawanyika juu ya hilo, na jibu limo katika gesi ambazo DAVINCI itazipima njiani kwenda chini.